Tafsiri ya Mzee wa Miamvuli

Kansay, Karatu
9 Juni 2024

Paker wangu Metui,

Tumsifu Yesu Kristo. Wewe si wa dini hii, lakini wodini ulikuwa unaitika "Milele amina" kuliko Wakatoliki wenyewe, kwa hiyo itika. Mguu wako hujambo? Wangu unakumbuka kuanguka kila baridi la Juni linapoingia, na mwaka huu limeingia kwelikweli. Mahindi bado yanakaukia shambani.

Nimempa Valeriani, yule dereva wa lori la mnadani, flashi yenye nakala za picha zangu tatu. Nimeifunga kwenye kitambaa na kumwapiza aitunze. Tangu tulipolazwa vitanda jirani pale Karatu, wewe umekanyagwa na dume lako na mimi nimeporomoka kwenye paa la watu, sijapata mtu mwingine wa kujadiliana naye picha. Vijana wa hapa senta wanachotaka kujua ni nani kampiga nani, basi. Tena wananicheka wakisikia unaniita Paker. Nimewaeleza kwamba kwenu mtu akikupa kondoo majina yenu yanawekwa kando, mnabaki kuitana kwa huyo kondoo. Kondoo mwenyewe hajambo, amezaa pacha.

Sasa tuje kwenye picha. Ya kwanza ni ya Kichina. Steringi anapiga mlango teke na mlango unapasuka vipande vipande. Mimi nimetengeneza milango maisha yangu yote, Paker, na nakuhakikishia ule si mbao, ni boksi la sabuni limepakwa rangi. Ya pili ni ya Wazungu wenye makofia, nimekuwekea kwa sababu ina ng'ombe.

Ya tatu ni ya Kihindi. Jina lake halisi silijui, kwenye kibanda cha kuuza picha wanaiita Mzee wa Miamvuli. Mzee mgane anatengeneza miamvuli kando ya stesheni ya treni, na mama mmoja mjane anauza chai upande wa pili. Mwamvuli wa yule mama kila siku una tatizo. Siendelei, nisije nikakuharibia. Hakuna ngumi wala bunduki, lakini mimi nimeirudia mpaka betri ya sola ikalalamika. Itazame kwa utulivu, halafu uniambie ukweli wako: yule mzee anafanya sawasawa, au anajidhalilisha? Nauliza kwa ajili ya picha tu.

Mengine ni ya kawaida. Laurencia, yule mjane anayeuza chai na maandazi hapa senta, benchi lake limelegea tena mguu, nimelitengeneza. Chai yake ina tangawizi ya kweli. Binti yake Edna anaishi Arusha, na anasema Krismasi atakuja kumchukua akalee wajukuu, moja kwa moja, asirudi tena huku. Senta itapwaya sana.

Wako,
Paker Patrisi


Piyaya, Ngorongoro
30 Juni 2024

Paker!

Sopa! Na Milele amina pia, usije ukasema nimekudhulumu.

Shuleni mwalimu alitufundisha kuanza na "dhumuni la barua hii". Mimi sina dhumuni, nina malalamiko. Na usiniambie nikupigie simu. Simu ya huku mpaka upande kilima kutafuta mtandao, na mimi na huu mguu nikifika juu nimeshasahau nilichopandia. Barua inaningoja nimekaa kivulini.

Lalamiko langu ni wale Wazungu wenye makofia. Picha nzima wanauana kwa sababu ya ng'ombe, na ng'ombe wenyewe hawaonyeshwi! Ukiwaona ni mgongo na vumbi. Tangu mwanzo hadi mwisho hakuna aliyewanywesha maji. Nilisimama nikawaambia watu, hawa si wafugaji, hawa ni majambazi waliokuta ng'ombe njiani. Na yule steringi anambusu mwanamke wakati ndama analia nyuma yake. Huyo hata mbuzi simpi.

Mchina nimempenda. Mlango sikuuangalia, hayo ni maradhi yako wewe fundi.

Sasa njoo kwa huyo mzee wa miamvuli. Ero! Tumecheka mpaka jirani yangu Supeet kaanguka kwenye kigoda. Unajua kwangu watu hujaa Jumapili mchana, betri ikishashiba jua. Wengi wao Kiswahili kinawapiga chenga, kwa hiyo dijei aliyetia sauti yake juu ya picha anatafsiri Kihindi kwenda Kiswahili, na mimi natafsiri dijei kwenda Kimaasai. Kazi nzito, lakini nani ataifanya? Basi yule mzee akitokea tu, dijei anapiga kelele: "Mzee fisi huyo, fungeni mabanda!" Akimkodolea macho yule mama, anasema: "Babu, miwani unayo, aibu huna?" Na yule mama anamjibu: "Nenda zako, una harufu ya kaburi." Harufu ya kaburi! Supeet anamwita kila mtu hivyo tangu siku ile.

Umeniomba ukweli, chukua. Mzee akifika umri wetu atulie, aote moto, ahesabiwe heshima yake. Kujipitisha kwenye meza ya chai ya mjane wa watu, mkononi mwamvuli, ni kichekesho. Huyo fisi akalale.

Mke wangu Nanyokie peke yake hakucheka, lakini yeye alikuwa anapitapita na vibuyu vyake vya maziwa, sidhani kama aliona vizuri. Lete nyingine ya aina hiyo hiyo! Mwaka huu hatujacheka namna ile.

Paker wako,
Metui


Kansay
4 Agosti 2024

Ndugu Metui,

Barua yako nimeipata. Nashukuru kwa ukweli.

Maneno hayo uliyoyaandika mimi siyakumbuki kwenye picha, lakini wewe ni msimulizi hodari, na hadhira yako ilifurahi, ndilo la muhimu. Sina picha mpya ya kukutumia. Runinga nimeifunika kitambaa, mahindi yako nyumbani na kazi ni nyingi. Na mabenchi ya watu sitengenezi tena, kuna fundi kijana amefungua karakana karibu na mashine ya kusaga, waende kwake.

Msalimie mama wa nyumbani.

Patrisi


Piyaya
25 Agosti 2024

Paker,

Nakuita hivyo kwa makusudi. Umeniandikia "Ndugu Metui". Nimeisoma barua yako, nikaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu kimebaki upande wa pili. Hakuna. Rafiki yangu, kwetu aliyekupa kondoo haitwi kwa jina lake mpaka mmoja wenu afe au kondoo arudishwe. Mimi sijafa. Je, kondoo yuko njiani? Nimechungulia kwenye lori la Valeriani, sikumwona.

Nimekukosea nini? Ni Wazungu wa makofia? Kama uliwapenda, basi nafuta maneno yangu, wanajua kuchunga. Unaona nilivyo tayari kusema uongo kwa ajili yako.

Nakueleza jambo moja. Kwa kuwa hukuleta picha mpya, Jumapili iliyopita tuliirudia ile ya miamvuli. Safari hii Nanyokie alikaa, akaweka vibuyu chini. Mimi nikaanza kazi yangu ya kutafsiri, mzee fisi, harufu ya kaburi, watu wakaanza kucheka, ghafla akanikata mbele ya wageni wote. Akasema, "Wewe mwanaume, unatudanganya." Nikasema mimi nasema anachosema dijei. Akasema, "Basi huyo dijei naye ni mwongo. Mtazame yule mama anavyopokea mwamvuli. Kuna mwanamke anayepokea hivyo kitu cha mtu mwenye harufu ya kaburi? Anauangalia mpini pale aliposhika yule mzee."

Paker, nilitazama. Ni kweli, anauangalia mpini. Kiswahili cha Nanyokie ni cha sokoni, chumvi na sukari, matusi ya dijei hayaelewi na tafsiri yangu hakuisadiki, alikuwa anaangalia watu tu. Basi kicheko kikaisha. Supeet akasema tuwashe Mchina.

Sasa nakuuliza wewe uliyeirudia mara nyingi: wewe uliona nini mle? Na kwa nini Valeriani ananiambia siku hizi unazunguka nyuma ya kanisa ili usipite kwenye chai ya Laurencia, na yule mama anauliza watu, "Fundi wangu anaumwa?"

Nijibu. Na uniite inavyotakiwa.

Paker Metui


Kansay
22 Septemba 2024

Paker wangu,

Naam, Paker. Nisamehe. Nilipofika kwenye maneno ya Nanyokie nilikaa chini nikatoa kofia.

Nitakuambia, na ukishasoma usiwasomee watu wa Jumapili. Huyo mzee fisi ni mimi.

Tangu mke wangu Marsela afariki nimekaa kimya miaka mingi. Nilidhani hilo ndilo umbo la siku zilizobaki, kazi, misa, na picha jioni. Halafu nikaanza kunywa chai kwa Laurencia. Siku ya kwanza nilikwenda kwa kiu. Siku zilizofuata sikuwa na kiu, Paker. Ananiuliza habari za mguu na anangoja jibu. Anajua sukari yangu bila kuuliza. Nampenda, sasa nimeliandika, na kalamu haikuvunjika. Nilipoiona ile picha nikafikiri, huyu Mhindi kanichungulia dirishani. Ndiyo nikakutumia, nikakuuliza kwa ajili ya picha tu, nikingoja useme neno moja zuri juu ya yule mzee ili nipate ujasiri. Ukaniandikia akalale.

Nikajiambia, Metui hana unafiki. Kama macho yake yameona kichekesho, senta nzima itaona hivyo hivyo, na Laurencia wa kwanza. Nikaacha kwenda.

Lakini kuna kitu sikielewi. Katika picha yangu mtafsiri ni mmoja wanamwita Babu Taratibu, ana sauti ya padri mzee. Hakuna fisi. Hakuna kaburi. Mzee anasema, "Mama, mwamvuli wako ukipona mimi nitaugua." Na yule mama anasema, "Basi usiutengeneze sana." Nimeitazama tena jana, nikaongeza sauti. Ndivyo anavyosema. Je, hayo mengine uliyatunga wewe ili watu wacheke? Kama ulitunga, niambie tu, sitakasirika. Nitakasirika kidogo.

Wako,
Paker Patrisi


Piyaya
13 Oktoba 2024

Paker! Paker! Paker!

Mimi sikutunga hata nukta!

Valeriani alipofika na barua yako nilimkalisha chini ya lori lake mwenyewe, nikasimama na fimbo. Sikumpiga, nilimwonyesha tu ilivyo nyoofu. Akaungama. Ile flashi uliyoifunga kwenye kitambaa aliitia mfukoni, na mke wake akaifua pamoja na suruali. Akaona haya kukuambia, wewe uliyemwapiza. Basi akaenda kibanda kingine pale stendi ya Karatu akawaambia, "Niwekeeni Mchina, Wazungu wa ng'ombe, na Mzee wa Miamvuli." Wakamwekea. Picha ni zile zile, watu ni wale wale, lakini kibanda kile wanauza za Dijei Tofali, na Tofali ukimpa hata mazishi atakuletea kichekesho. Tumeangalia picha moja, rafiki yangu, tukasikia picha mbili.

Nikamwuliza Valeriani, sasa nani kati yao anajua Kihindi? Akasema, "Mzee, hakuna anayejua. Wanakisia."

Wanakisia! Na mimi nikachukua makisio ya mtu nikayageuza Kimaasai, nikayabandika kwenye maisha yako. Nimeona aibu mpaka nimeshindwa kula. Nimekurudishia flashi hiyo ya Tofali, sikiliza mwenyewe uhakikishe kwamba siyo mimi niliyekutukana.

Sasa nisikilize. Ule ushauri wa kuota moto naufuta. Moto anaota mtu aliyechoka, na wewe hujachoka, umenyamaza tu. Kwetu mzee mwenye akili haachi boma liwe kimya. Nimemweleza Nanyokie habari yote (nisamehe, kwake sina mlango), akacheka kwa mara ya kwanza tangu picha ile ianze. Akasema nikuandikie hivi: "Benchi halina mdomo. Aende akaseme."

Krismasi si mbali. Huyo Edna akishampakia mama yake kwenye basi utaanza kuniandikia barua za kilio, na mimi sina mkono wa kujibu barua za kilio. Nenda, Paker!

Metui, Paker wako mwenye makosa


Kansay
10 Novemba 2024

Paker wangu,

Nimemsikiliza Tofali nikiwa peke yangu na mlango nimefunga. Ana maneno yule mtu. Pale kwenye miwani na aibu nilicheka, Mungu anisamehe, nikacheka mpaka nikajikuta najifuta machozi. Basi hasira imeisha kabisa, na Valeriani mwambie asinikimbie tena. Alikuwa akiniona anawasha lori.

Nilikwenda. Nilivaa shati la misa siku ya Jumatano, senta nzima ikaona. Laurencia akanimiminia chai, akasema, "Nilidhani umehama." Hapo ndipo palikuwa mahali pake, Paker, mlango ulikuwa wazi. Nikafungua mdomo. Nikasema, "Hili benchi linayumba." Halikuwa linayumba! Akalitikisa, likasimama imara. Akaniangalia. Nikanywa chai ya moto yote kwa mkupuo na ulimi umeungua mpaka leo.

Kibaya zaidi, Edna hangoji Krismasi. Amepata likizo mapema, anafika wiki ijayo, na mama yake ameanza kugawa masufuria. Jana nimeona jirani anapita na lile kubwa la maandazi, nikahisi kama wananibebea mimi.

Mimi kusema siwezi. Mikono yangu ndiyo husema, na imeshindwa. Kwa hiyo nimewaza hivi. Jumapili baada ya misa nitamwalika yeye na binti yake waje kwangu watazame Mzee wa Miamvuli. Nitakaa kimya, Babu Taratibu aseme badala yangu. Akisema "Basi usiutengeneze sana" na Laurencia asinitazame, nitajua, na nitampeleka mwenyewe stendi na mizigo yake.

Unaonaje? Najua jibu lako litachelewa. Niombee kwa namna yenu.

Paker Patrisi


Kansay
1 Desemba 2024

Kwako shemeji Metui,

Hunijui. Mimi ndiye Laurencia wa chai. Huyu fundi ameshika kalamu tangu asubuhi na ukurasa umebaki mweupe, kwa hiyo nimemnyang'anya. Amenionyesha barua zenu zote. Nimezisoma nikiwa nasonga ugali na umeungua. Wewe mwanaume una mdomo!

Ngoja nikuambie ilivyokuwa, maana yeye atakuambia kwa aibu na atakatakata.

Alitualika mimi na Edna Jumapili ile baada ya misa. Mimi na picha wapi na wapi? Sijawahi kuona faida ya kukaa kitako kutazama watu wanaolia bure. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Njoo tu." Nikaja kwa sababu nilikuwa nasafiri, nikaona ni kuagana. Ameosha sakafu, ameweka kitambaa cheupe kwenye runinga na juu yake maua ya bustani ya kanisa, sijui padri anajua. Akatukalisha. Akachomeka flashi haraka, hata hakuiangalia.

Picha ikaanza. Mzee akatokea na mwamvuli wake, na sauti ikanguruma nyumba nzima: "Mzee fisi huyo, fungeni mabanda!"

Shemeji, flashi zote mbili ni nyeusi. Alikuwa amechomeka ile ya Tofali.

Edna alicheka mpaka akashika ukuta. Fundi akarukia rimoti, akabonyeza kila kitu, sauti ikakatika, na picha ikaendelea kimya kimya. Akasimama katikati ya chumba, jasho linamtoka. Nilidhani atazima. Nikaanza kukusanya kanga yangu nimwondolee aibu. Ndipo akasema, amegeukia runinga, mgongo wote kwetu: "Huyo mzee hasemi hivyo."

Edna akamwuliza, "Anasemaje basi, Mzee Patrisi?"

Akasema, "Anasema... anasema benchi lilikuwa zima."

Nikamwambia, "Benchi gani? Mimi hapa naona mwamvuli."

Akasema, "Ndivyo inavyotafsiriwa."

Basi nikaiweka kanga chini. Akaendelea, pole pole, kila yule mzee akifungua mdomo naye anasema. Anasema benchi lilikuwa zima na misumari aliilegeza yeye mwenyewe watu wakiwa misani, ili aitwe kulitengeneza. Anasema chai haikuwa kiu. Anasema mkewe alikuwa mtu mwema na hatamsahau, lakini nyumba imekuwa kubwa mno. Anasema anaogopa kuchekwa, na anaogopa zaidi basi la Arusha. Yule mzee wa kwenye runinga akafunga mdomo kabisa, akaanza kushona kitambaa cha mwamvuli, na fundi wala hakuona, aliendelea tu kumtafsiri mtu aliyenyamaza.

Edna akainuka akasema anakwenda kuangalia kuku. Fundi hana kuku. Nilimshukuru binti yangu moyoni.

Habari ya misumari nilikuwa naijua, shemeji. Benchi la mninga halilegei kila wiki. Nilikuwa naligongea mwenyewe upande wa pili lisije likaangusha wateja, halafu namwita fundi. Hilo sikumwambia siku ile. Namwambia leo kupitia kwako, yuko hapa pembeni anasoma begani kwangu na ameziba uso.

Edna amerudi Arusha peke yake. Alinuna kidogo kwa sababu ya watoto, na nimemwahidi nitakwenda kumsaidia akijifungua, kisha nirudi kwangu. Sufuria la maandazi nimelifuata kwa jirani, amelitoa kwa shingo upande. Tumeshaongea na padri, matangazo yatasomwa, na kwa kuwa Majilio yameanza leo tutafunga ndoa Januari. Utakuja na Nanyokie. Mimi na yeye tutakaa jikoni na hatutahitaji wa kututafsiria. Valeriani amesema atawaleta bure, na ana sababu zake.

Mpaka leo fundi ananiomba nirudi tuimalize ile picha, ananiambia ule mwisho ni mzuri sana. Nimekataa. Yule mama alimjibu nini mzee wake mimi sikuona, nilikuwa najibu mimi.

Shemeji yako,
Laurencia